Sifa za Mto Mvivu

Mito yote niliyoijua kabla ya safari hii ilikuwa na haraka. Lualaba unapita upande wetu wa Kasongo ukiwa na miadi na bahari ya Atlantiki, wala hauna muda wa kuzungumza na mtu. Luama hutoka Kabambare mbio kuupelekea Lualaba maji, kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa asicheze njiani. Sisi Wamaza tuliokulia kati ya mito ya namna hiyo tunajua tangu utoto kwamba maji ni mtu mwenye kazi, na mwenye kazi hakaliwi njiani. Kwa hiyo nilipoonyeshwa, mvi zikiwa tayari kichwani, mto usiokwenda popote, nilivua kofia. Mito mikubwa imekwisha kusifiwa. Huu nao una haki yake, na sijasikia mtu akiusemea.

Unakaa ndani ya bustani ya michezo ya maji, ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam. Nilikwenda mjini kununua mzigo Kariakoo, kama wanavyofanya wafanyabiashara wengi wa Kongo ya mashariki, nikafikia kwa mpwa wangu. Wamanyema, watu wa upande wetu, wapo Dar tangu enzi za babu zao, wana hata msikiti wenye jina lao, na damu hawaisahau. Mpwa akaamua kwamba mjomba hawezi kurudi Maniema bila kustareheshwa. Nikadhani anasema pilau. Asubuhi nikakabidhiwa kaputula yenye picha za minazi, na watoto wake wanne wa kunisimamia.

Njia niliyokuja nayo ni ya zamani: Kasongo, Kabambare, ziwa la Tanganyika, Kigoma, Tabora, pwani. Ndiyo njia aliyopitisha Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, pembe zake za ndovu na watu wake, na safari ilikula miezi. Mimi nilipanda pikipiki, nikapanda boti, kisha nikapanda treni ya Reli ya Kati, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Waliotoka kwetu zamani walifika pwani wamebeba. Mimi nimefika nikabebwa na tairi la plastiki la rangi ya waridi.

Sasa sifa zenyewe, na nianze na nasaba, maana hata farasi husifiwa kwa mama yake. Chanzo cha mto mvivu kinajulikana. Hili si jambo dogo kwa mtu wa upande wetu. David Livingstone alifika Nyangwe, jirani zetu, mwezi Machi 1871, akakaa miezi akiutazama Lualaba na kujiuliza kama ndio Naili. Aliomba mitumbwi, akanyimwa. Mwezi Julai aliona watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake sokoni, akageuka kurudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na mwaka 1873 akafa bila kujua mto ule unakwenda wapi. Mtafiti mwingine, Cameron, akaja 1874, naye mitumbwi hakuipata. Stanley akaondoka Nyangwe Novemba 1876, akisindikizwa na Tippu Tip kwa malipo, akatokea Boma Agosti 1877, nyuma yake amezika watu wengi. Yote hayo kwa ajili ya swali moja: maji haya yanakwenda wapi?

Pale Dar swali hilo hujibiwa na kijana mwenye filimbi shingoni. "Unazunguka, mzee. Unarudi hapahapa." Na chanzo ni kijumba chenye mlango wa chuma, uliochorwa fuvu na radi. Ndani mna pampu. Juu ya pampu mna swichi. Kama Livingstone angeanzia hapa, angemaliza utafiti kabla ya chai ya saa nne.

Mto huu hauna mdomo. Bahari ya Hindi iko hatua chache tu, unaisikia ikipiga nyuma ya ukuta, bure kabisa. Mto mvivu haujawahi kuitamani. Watu nao hulipa mlangoni, wakaipa bahari mgongo. Hilo lilinisumbua mwanzoni. Kisha nikakumbuka kwamba bahari ina chumvi, na ina mawimbi yasiyouliza umri. Mto mvivu humfika mtu mzima kiunoni na huenda polepole kuliko bibi anayerudi kutoka shambani na kuni kichwani. Hauna mamba. Hauna kiboko. Hauna mahali pa kuvukia ambapo mtu mwenye kofia hukuomba karatasi, akiipata aiombe ya pili. Niliuzunguka mara kumi na moja bila kulipishwa ushuru, jambo ambalo kwa mfanyabiashara wa mto ni kama kuota.

Na uvivu wake si wa aibu. Kwetu Mgenya, mvuvi wa mtoni, hushika kasia akiwa mtoto na kuliacha akiwa maiti. Mto humlisha, lakini humlisha kwa jasho. Wanawake huamka kabla ya adhana kuyafuata maji. Mwanaume mzima akikutwa amelala chali mtoni saa nne asubuhi, miguu juu, wataitwa wazee wa ukoo, kisha mganga. Pale Dar nililala hivyohivyo mbele za watu na hakuna aliyeitwa. Tairi lilinigeuza taratibu, nikawa naenda kinyumenyume, tumbo langu limetangulia kama jahazi lenye shehena. Pembeni yangu alielea bwana mmoja ambaye kwa jinsi watoto wake walivyomwogopa nilijua ni mkubwa wa ofisi fulani. Tairi lake likagonga langu. "Samahani," akasema. Miguu yake ilikuwa hewani kama ya mbuzi wa sikukuu. Sijui mahali pengine ambapo mkubwa hukuomba radhi akiwa katika hali hiyo.

Mto huu pia hufundisha adabu, ingawa hufundisha kupita kiasi. Ukingoni, kwenye benchi chini ya mwavuli, alikaa bibi mmoja mwenye kanga, analinda viatu vya wajukuu. Nilipopita mara ya kwanza nikamwamkia: "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Mzunguko wa pili nikaona si vizuri kupita kimya mbele ya mtu mzima, nikamwamkia tena. Akaitikia. Mara ya tatu nikaulizia hali ya nyumbani. Salama. Mara ya nne nikainua mkono tu. Mara ya tano yeye ndiye aliyeanza.

"Baba," akasema, "wewe huna kwenu?"

Sikuwahi kumjibu, mkondo ulikuwa umenipitisha. Nilikuwa na mzunguko mzima wa kutafuta jibu, na nilipomfikia tena nilikuwa bado sijalipata.

Niyasifu na maji yenyewe. Yananukia dawa, na watu husema huo ndio usafi. Kumbe ile harufu kali ya bwawa haitoki kwenye klorini peke yake. Klorini inapokutana na jasho na mkojo wa waogaji huzaa kitu kinachoitwa kloramini, na hicho ndicho kinachochoma pua na kuyafanya macho mekundu. Kwa hiyo harufu tunayoisifu ni ya kwetu wenyewe, tumerudishiwa. Niliwatazama wale watoto wanne kwa jicho jipya. Walikuwa wametulia mno.

Hata hivyo mimi naijua klorini kutoka mahali pengine. Kipindupindu kikiingia vijiji vya mtoni, huwekwa mtu pale wanapochotea maji, ana bomba la sindano lisilo na sindano, na kila bidoni inayopita anaitilia dawa kidogo. Akina mama hupanga foleni, bidoni moja, dawa kidogo, bidoni nyingine, dawa kidogo. Watoto hulalamika kwamba maji yananuka. Hupigwa kofi, hunywa, huishi. Mto mvivu ulikuwa na harufu ileile, umejaa ukingo hadi ukingo, na hakuna aliyekuwa na kiu. Nilijaribu kuhesabu ni bidoni ngapi. Nilifika karibu na daraja la mbao nikaacha.

Siwezi kuusifu mto huu bila kumtaja jirani yake mbaya, mtelezo. Mtelezo ni bomba refu la plastiki lililosimamishwa juu ya minara, nawe hupanda ngazi robo saa ili ushuke kwa muda wa kupiga chafya. Kuna nchi wamezidi: Dubai, kwenye hoteli ya Atlantis, bomba la kuonea nje hupita katikati ya papa. Huku kwetu, chini ya Ubundu, Lualaba wenyewe una maporomoko saba mpaka Kisangani, ya Boyoma, na hajatokea mtu wa kuuza tikiti. Niliupanda mtelezo mara moja, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama. Juu kabisa kijana akanipanga: lala chali, pishanisha miguu, mikono ikunje kifuani, usiinue kichwa. Nimewaona watu wengi wakilazwa hivyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepanda ngazi kwa miguu yake mwenyewe. Nikasoma dua niliyoikumbuka, na iliyokuja ilikuwa ya chakula. Kuhusu yaliyoipata kaputula ya minazi kule chini, mpwa wangu ameahidi kunyamaza.

Baada ya hapo niliurudia mto wangu kama mtu anavyorudi kwa mke wa kwanza.

Nilikuwa katika mzunguko wa kumi na mbili umeme ulipokatika. Mlio uliokuwa umejaa masikioni tangu asubuhi ulinyamaza, ndipo nikatambua kwamba ulikuwepo. Mto ukapunguza mwendo, ukasita, ukasimama. Sijawahi kuona mto ukisimama. Lualaba haukusimama kwa Livingstone, haukusimama hata siku ile ya sokoni. Huu ulisimama kwa sababu ya waya. Nasi tukasimama nao, watu wazima labda thelathini, kila mmoja katika tairi lake, tunatazamana. Yule mkubwa wa ofisi akapiga maji kwa viganja mara mbili tatu, akajizungusha tu. Mama mmoja akaita aletwe mtu. Dakika zikapita. Mtu akasema jenereta itawashwa. Mwingine akasema haina mafuta. Nikaanza kufikiria usiku utatukuta hapo, na kama bibi wa benchi atatugawia chochote.

Mjukuu wangu mdogo, wa miaka sita, akaja akitembea katikati ya mto. Maji yalimfika kidevuni.

"Babu," akasema, "simama tu."

Nikasimama. Nikashika tairi kwapani, nikajaribu kujipa sura ya mtu aliyekuwa amepanga kusimama muda wowote. Nyuma yangu mkubwa wa ofisi naye akasimama, kisha mama yule. Nikamwuliza mtoto, ili nimfikie bibi mwenye viatu, niende upande gani.

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Wowote, babu."