Mzazi Naye Ana Mkataba

Mzee wa Mombasa alizoea kumkabidhi mtoto kwa mwalimu wa chuoni kwa maneno manne, "nyama yako, mifupa yangu," kisha akaenda zake barazani. Dubai mambo ni ya maandishi. KHDA, mamlaka inayosimamia shule za binafsi, imeleta Mkataba wa Mzazi na Shule: ada, mahudhurio, kuwahi asubuhi, usafiri, afya. Baba husoma kifungu kwa kifungu akitafuta mifupa yake imeandikwa wapi.

Kuwahi si kazi ya mtoto tena. Tangu Januari 2022 Ijumaa shuleni ni nusu siku, na mchana huohuo shule inakutaka getini, bosi anakutaka ofisini, mwadhini anakutaka msikitini. Mkataba haujasema nani atangulie.

Tusidhulumu: shule nazo zinachungwa. Wakaguzi wamezipa daraja, na mwaka wa masomo 2024-25 nyongeza ya ada ilipimwa kwa asilimia 2.6, iliyoshuka daraja haikuruhusiwa kuongeza kitu. Asilimia 2.6 ni ndogo, bwana. Ndogo kabisa, mpaka uwe na watoto watatu na mshahara usio na mkaguzi.

Kilichobaki ni sisi wazazi kukaguliwa: kazi za nyumbani nani kafanya, basi nani kalichelewesha, kikao nani kakikimbia. Siku hiyo ikifika, jamani, mimi nipeni "wa kuridhisha" tu. Nikipewa "bora kabisa," wasije wakaniongezea ada.