Ufugaji Bora wa Kutu
Mwongozo kwa mwenye gari kuukuu la porini asiyependa kuinama

Ukienda kwa bwana mifugo utapewa kijitabu cha ufugaji bora wa kuku, cha sungura, hata cha nyuki. Cha kutu hakuna, na hilo ni pengo. Kutu haili pumba, haiugui mdondo, haiibwi usiku, na wala huhitaji kibali kuisafirisha. Mimi nimeifuga miaka sita chini ya Prado yangu ya mwaka 1998, hapa Tanga, na ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu. Nimeyaona kwa kuchelewa kidogo, lakini nimeyaona.

1. Mbegu

Gari dogo la mjini halifai sana. Bodi na mifupa yake ni kitu kimoja, kwa hiyo likioza linakuaibisha mapema. Tafuta gari la porini la kizamani: Hilux, Land Cruiser, Prado. Haya bodi yake imekalia chesisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kama ngazi, na mhimili wenyewe una uwazi ndani. Giza lipo, unyevu upo, hewa ipo, na hakuna anayepita huko. Kuku angejengewa banda kama hilo angetaga asubuhi na jioni.

Ukitaka kifaranga aliyekwisha kuanguliwa, agiza gari lililozeekea Hokkaido, ambako wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Ukitaka mbegu ya heshima, chukua Land Rover ya zamani. Ilipozaliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bodi ikatengenezwa kwa alumini na chesisi ikabaki ya chuma. Juu inang'aa, chini inaliwa. Majirani watakusifia mpaka siku itakapokatika.

Wakenya wana bahati mbaya: gari lililotumika likizidi miaka 8 halipokelewi bandarini kwao. Sisi tunaongezewa kodi tu.

2. Banda

Kiwandani walitoboa matundu chini ya mihimili ili maji yanayoingia yatoke. Usiyazibue. Tope la masika likishakauka humo, mvua ya vuli itakuta mtungi.

3. Lishe

Kutu inataka maji na hewa. Chumvi ndiyo chakula chake cha kunenepesha, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na chuma kikalika mbio.

Mlo bora uko ufukweni. Maji yakipwa, shuka na gari kwenye mchanga mgumu, kimbiza ili watoto wafurahi, upigwe picha matairi yakirusha mawimbi. Ukirudi nyumbani osha bodi na upake matairi weusi. Chini usiguse. Mwenye pikapu na abebe samaki. Barafu ikiyeyuka, maji yenye chumvi na shombo huidondokea chesisi pale inapopinda kupisha ekseli ya nyuma, ambapo tope hukaa na ambapo springi zimefungwa. Hata ungepewa penseli uchore mahali pa kufugia, usingepata pazuri kuliko hapo.

4. Maadui

Adui wa kwanza ni kipande cha boksi. Fundi akikitandika chini ya gari akajilaza chali, mifugo yako imeshaonekana. Wa pili ni nyundo ndogo. Chuma kizima kikigongwa huitika "ngo!" Kilichooza huitika kama gunia la mkaa. Wa tatu ni mpira wa maji ya bomba, unaopitishwa hadi ndani ya mihimili mara utokapo ufukweni, kisha chuma kikakaushwa na kupuliziwa nta au grisi. Hiyo ni sumu kabisa.

Uingereza uonevu umefika mbali. Ukaguzi wao wa kila mwaka hulikataa gari ambalo chuma chake kimedhoofishwa na kutu ndani ya sentimita 30 kutoka mahali springi, usukani au mkanda wa kiti ulipofungwa. Mfugaji huko hana pa kupumulia.

Ukibanwa sana, mwambie fundi apulize oili chafu. Itafunika kila kitu kwa weusi wa kupendeza, watu watasema unajali, na taratibu italainisha bushi za mpira mpaka ziwe kama maandazi yaliyolowa chai.

5. Mifugo inapolia

Mifugo ikikua hulia. Ukisikia "ko-ko" kwenye rasta, hizo ni bushi. Ukikata kona likalia kama mlango wa kaburi, boljointi imekauka. Gari likidunda-dunda shimo likiwa limeshapita, shokapu zimekufa. Likivuta upande bila sababu, huenda chuma kimoja cha springi kimekatika, au mshikio wake umeachia na ekseli inakwenda inakotaka. Dawa ya yote ni moja: ongeza sauti ya redio.

Kamwe usipige jeki ukashika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Utasikia "tk", na "tk" hiyo italala nawe kitanda kimoja. Kwa Prado za rika la yangu ni mbaya zaidi, kwa kuwa boljointi ya chini imekaa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke, hauisukumi ikae. Ikilegea sana, hakuna cha kuizuia.

6. Kiraka

Tundu likitokea, kata bati la pipa, libandike juu ya kutu, chomelea kingo, piga puti, piga rangi nyeusi. Mfugaji hodari hakwangui kwanza, wala hatafuti chuma kizima kinapoanzia. Bati jipya litashikamana na unga, na kati yake na chuma cha zamani maji yatapata chumba cha pili. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo baada ya masika kadhaa kiraka kitavimba kama chapati kikaangoni. Ni dalili ya afya.

7. Mavuno

Wenzetu wa Marekani, kwenye majimbo yanayomwagiwa chumvi barabarani, wamevuna kitaifa. Mwaka 2008 Toyota ilianza kuzinunua tena pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 zilizooza chesisi, kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Mwaka 2016 ikakubali kumaliza kesi nyingine ya magari yapatayo milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Usichangamke. Hapa kwetu atakayelinunua tena lako ni mwenye mkokoteni wa chuma chakavu, na anapima kwa kilo.

Mimi nilivuna Jumamosi. Tulikuwa tumetoka Segera kwa spidi 100, mama yangu kiti cha nyuma na kikapu cha machungwa ya Muheza mapajani. Tulipofika mjini nikakata kona kuingia kituo cha mafuta, mwendo wa baiskeli. Pakalia kama mtu aliyevunja muwa, na pua ya gari ikainama. Kijana wa pampu akaja, akachungulia, akasema kwa upole:

"Mzee, mguu umelala."

Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limelala ubavu chini ya madigadi. Machungwa yalibingirika mpaka kwenye pampu. Mama akauliza kama tumefika.

Fundi alikuja na boksi lake. Akalala, akachomeka bisibisi kwenye mhimili nyuma ya lile gurudumu, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, mchanga ukamwagika juu ya boksi, mweupe, laini, na kombe moja dogo la baharini ndani yake. Mchanga wa Pangani, wa Idi ya mwaka juzi.

"Bosi," akasema akiwa bado kule chini, "hapa ulikuwa unaendesha rangi."

8. Soko

Vijitabu vyote humalizia na soko. Nami nikaweka boljointi mpya, nikapiga kiraka, puti na rangi, nikatangaza gari.

Mteja anayefaa hulizunguka gari, hulipiga teke tairi, huwasha redio, huuliza kama eisi inafanya kazi. Huyo muuzie. Anayekuja na boksi kwapani, mwambie limeshanunuliwa.

Wangu alikuja wiki ya pili, kijana mtaratibu. Mkewe alisimama kivulini na mtoto mchanga mgongoni. Kijana akazunguka, akapiga teke tairi, akawasha redio, akaridhika. Akaanza kuhesabu pesa juu ya boneti.

Nikamwambia asubiri kidogo. Nikaingia stoo, nikamletea boksi.