Labridi wa Lurambi

Labridi ni samaki wa bahari wa jamii ya Labridae, ndugu wa karibu wa pono. Jamii hii ina zaidi ya spishi 500, kuanzia vidole vidogo vya rangi vinavyoenea kiganjani hadi Cheilinus undulatus, anayezidi mita 2 kwa urefu na ambaye biashara yake iliwekewa masharti na mkataba wa CITES mwaka 2004. Jina la jamii linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mdomo, na anayewatazama usoni hahitaji kuelezwa sababu: midomo ni minene na imetangulia mbele, kama ya mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi. Huogelea kwa kupiga mapezi ya ubavuni kama makasia, mkia ukifuata tu nyuma hadi itokee haraka. Kooni wana taya za pili, ambazo kazi yake ni kusaga konokono na kaa wadogo.

Makao yao ni miamba ya matumbawe, na Kakamega haina. Mji huu uko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na unajulikana kwa msitu wake, kuku wake na mafahali wanaopiganishwa asubuhi na mapema. Hakuna sababu yoyote ya maana ya kumfuga labridi hapo. Hata hivyo anafugwa, na mengi ya yaliyomo katika makala haya yametoka kwenye tangi moja la kioo la lita 200 lililoko Lurambi, mjini hapo, sebuleni kwa mfugaji anayetumia kalamu moja na mwandishi.

Samaki wenyewe hutoka pwani. Wapiga mbizi wenye leseni huwanasa kwa nyavu ndogo katika maji ya sehemu kama Shimoni na Kilifi, mbali na mbuga za baharini kama za Malindi na Watamu, ambako uvuvi hauruhusiwi tangu 1968. Wengi wao hupakiwa kwenye ndege na kupelekwa ng'ambo. Kwa hiyo labridi wa Shimoni anaweza kufika London kabla ya mwenzake aliyepanda basi la usiku kuja Kakamega. Huyu wa basi husafiri katika mfuko wa plastiki wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni, mfuko ndani ya ndoo, ndoo ndani ya sweta, sweta mapajani. Kwenye kizuizi cha barabarani tochi humulika sweta.

"Mzee, hapo kuna nini?"

"Samaki, afande."

"Mzima?"

"Mzima. Nampeleka Kakamega."

Afande akafikiri. "Kwani huko hamna samaki?"

Swali hilo halijapata jibu mpaka leo.

Baada ya usafiri huja suala la chumvi. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35, hivyo tangi la lita 200 linadai kilo 7. Hesabu hii ikiwafikia jamaa, msaada huja mbio. Senje wa mfugaji, yaani shangazi yake, alishuka kwenye bodaboda na katoni nzima ya chumvi ya kupikia, akaitua mezani, akashangaa watu wanahangaikia nini. "Mwanangu, chumvi si chumvi?" Si chumvi. Ya jikoni ni kloridi ya sodiamu na iodini kidogo basi, ilhali ya bahari imebeba pia magnesiamu, kalsiamu, salfeti na vingine vingi ambavyo samaki na viumbe wengine wa tangini hawawezi kuvikosa. Ile ifaayo huchanganywa kiwandani na kuuzwa kwa bei ya kumfanya mnunuzi aukumbuke mlango alioingilia. Katoni ya senje ilikaa jikoni zaidi ya mwaka, hata musherekha, ile chumvi ya majivu, ikasahaulika na mrenda ukapikwa kwa chumvi ya samaki.

Kosa la pili hufuata lile la kwanza kwa karibu. Maji ya tangi hupungua kwa kukauka, lakini chumvi haikauki nayo, inabaki palepale. Pengo linatakiwa kujazwa maji yasiyo na chumvi. Anayelijaza kwa maji mengine ya chumvi, kama ilivyofanyika Lurambi kwa wiki tatu mfululizo, huwa anajenga Bahari ya Chumvi pole pole, tone kwa tone, na kujipongeza kwa bidii yake.

Kuhusu maji ya mvua, Kakamega haina upungufu: hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Tatizo ni kwamba mvua hiyo huja alasiri pamoja na radi, na radi huondoka na stima. Labridi wa pwani yetu anataka maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na usiku wa Kakamega unaweza kushuka chini ya 15. Tena hewa ya mwinuko huu ina mgandamizo uliopungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na wa ufukweni, kwa hiyo maji hushika oksijeni pungufu hata pampu ikiwa inafanya kazi. Pampu ikizima, dakika huanza kuhesabiwa. Dawa ya kienyeji ni kuchota maji kwa jagi na kuyamwaga tena tangini kutoka juu ili yavute hewa, na kulifunika tangi kwa blanketi lisipoteze joto.

Usiku mmoja wa namna hiyo jirani aliona mwanga wa mshumaa dirishani akaja kuuliza kama tokeni zimeisha au ni mtaa mzima. Alikuta kitu kirefu kimefunikwa blanketi sebuleni, mishumaa miwili pembeni, watoto kimya, na mwenye nyumba ameinama akimimina maji taratibu. Jirani akavua viatu mlangoni. "Poleni sana," akasema kwa sauti ya chini. "Ni nani?" Alipoambiwa ni samaki, hakuondoka, chai ilikuwa imeshamiminwa.

Sasa mchanga, ambao ndio kiini cha ufugaji huu na chanzo cha fedheha nyingi. Labridi wengi, wakiwemo wa jenasi ya Halichoeres na Coris, hulala wamejizika. Jua likielekea kuzama, samaki huzunguka chini akichagua mahali, kisha huingia kichwa mbele kwa pigo moja la mwili, na pale alipokuwa panabaki tope dogo linalotulia. Hapo hataonekana tena hadi asubuhi. Kwa sababu hiyo tangi linahitaji mchanga laini wa kina cha sentimita 5 au zaidi. Mchanga wa ujenzi haufai: una ncha, na humchubua ngozi kila anapokwenda kulala. Akiogopa pia hufanya vivyo hivyo, na labridi mgeni aliyetoka kwenye sweta ana kila sababu ya kuogopa. Anaweza kujizika siku ya kufika akakaa huko siku kadhaa.

Haya yote yamo katika vitabu. Mfugaji wa Lurambi alivisoma baadaye. Alikuwa amemleta Halichoeres iridis, samaki wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, mwili wa rangi ya damu ya mzee na kichwa cha manjano chenye mistari inayotawanyika kutoka jichoni kama miale. Jioni yule samaki alikuwapo, asubuhi hakuwapo. Paka alihojiwa kwanza. Kisha ikakumbukwa kwamba binamu kutoka Mumias alilala kwenye kochi usiku ule, na kwamba binamu huyo hajawahi kuacha samaki sahanini. Simu ilipigwa. Maneno yalisemwa ambayo baina ya watu wa ukoo mmoja hayasemwi kirahisi. Siku ya tatu asubuhi mchanga ulipasuka, kichwa cha manjano kikatokeza, macho yakazunguka huku na huku yakikagua sebule, na samaki akaanza kuogelea kana kwamba hakuna aliyetukanwa. Binamu aliombwa radhi kwa kuku.

Tabia hii ina ratiba yake. Labridi ana saa ndani ya mwili, na akisafirishwa huendelea kwa siku kadhaa kufuata saa za alikotoka. Mombasa iko karibu nyuzi 5 za longitudo mashariki mwa Kakamega, kwa hiyo jua hutua huko takriban dakika 20 mapema. Samaki mgeni wa Lurambi alikuwa analala dakika 20 kabla ya giza la Kakamega, na kuamka nyumba nzima ikiwa bado inakoroma. Baada ya wiki moja hivi alikubali kuwa mtu wa magharibi.

Spishi nyingine hazijiziki. Cirrhilabrus exquisitus, aliyeelezwa kisayansi na J.L.B. Smith mwaka 1957, yule yule aliyempa silikanti jina lake la kisayansi, hujibana kwenye mwanya wa jiwe na kujifunika utando wa ute usiku kucha, mithili ya chandarua. Udhaifu wake uko kwingine: huruka. Akishtuka huchomoka majini kama mshale, na tangi lisilofunikwa humtoa nje moja kwa moja. Dume la Lurambi lilipatikana nyuma ya kochi, limekauka kama omena, likiwa limetanguliwa na paka ambaye, kwa sababu isiyojulikana, hakulitaka.

Kifuniko kinachofaa ni cha wavu, ili hewa ipite. Hapa ipo hatari inayowahusu hasa wakazi wa magharibi mwa Kenya, ambako hakuna nyumba isiyo na chandarua cha ziada. Vyandarua vya kujikinga na malaria hutiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hiyo, isiyomdhuru mtu anayelala chini yake, ni sumu kali kwa samaki. Kipande kimoja kikilowa na kudondosha maji tangini kinatosha kuzika mradi. Wavu wa plastiki wa dirishani ndio salama. Ushauri huu ulitolewa na fundi wa madirisha, mkasi ukiwa tayari umeshikwa na chandarua kimetandazwa sakafuni.

Kifo cha dume kilifungua sura nyingine. Labridi wengi huzaliwa majike, na baadhi hugeuka madume baadaye. D.R. Robertson alieleza mwaka 1972 jinsi jambo hili linavyokwenda kwa Labroides dimidiatus: dume mmoja hutawala kundi la majike, na akiondolewa, jike mkubwa kuliko wote huanza kutenda kama dume ndani ya saa chache; baada ya wiki mbili hadi tatu anaweza kutoa mbegu za kiume. Nyumbani Lurambi jike aliyebaki alikuwa amepewa jina la Nafula, kwa kuwa alifika siku ya mvua kubwa. Rangi zake zilianza kukolea. Akaanza kunyoosha pezi la mgongoni mbele ya kioo na kumfukuza kila aliyekula karibu naye. Watoto walipendekeza kiherufi kimoja tu kibadilishwe, na tangu hapo anaitwa Wafula. Kukhu, bibi yao, alipoelezwa mambo haya hakushangaa sana. Alitaka tu kujua kama mahari iliyokwisha kutolewa hurudishwa.

Huyo Labroides dimidiatus aliyechunguzwa na Robertson anastahili maneno yake, kwa kuwa ndiye anayewavutia wanunuzi wengi na ndiye asiyefaa kununuliwa. Ni samaki mwembamba, wa buluu, mwenye mstari mweusi ubavuni, na kazi yake mwambani ni kusafisha wengine: huwatoa wadudu mwilini, hata vinywani, na wateja hupanga foleni. Utafiti wa Australia ulionyesha kwamba mmoja hula wadudu wapatao 1,200 kwa siku. Katika tangi lenye wateja watatu wasio na wadudu, fundi huyu huwa kama kinyozi katika kijiji cha wenye vipara. Huwasumbua walio wazima, kisha hukonda na kufa. Aliyeletwa Lurambi aligeukia mkono wa mfugaji uliokuwa unasugua kioo, akaondoa kigaga cha kidonda kwa ustadi ambao ungesifiwa kama ungeombwa. Yupo pia laghai anayefanana naye, Aspidontus taeniatus, ambaye hujongea kama msafishaji kisha hung'ata kipande cha pezi na kutoroka. Wanatofautishwa kwa mdomo: wa msafishaji uko mbele kabisa, wa laghai uko chini ya pua. Yafaa mnunuzi auangalie mdomo kabla ya kulipa, kisha asimnunue yeyote kati yao.

Chakula si suala gumu. Labridi hula kamba waliokatwa vipande vidogo sana, mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo. Omena wa kukausha huyachafua maji. Konokono wanaonunuliwa ili kusafisha kioo huliwa pia, kwa taya zile za kooni, na sauti ya kusagwa kwao husikika nyumba ikitulia. Coris cuvieri mchanga, mwekundu mwenye mabaka meupe, hupendeza sana dukani. Akikua hupita sentimita 30 na kupindua kila jiwe lililopangwa, na aliyewahi kuishi Lurambi alihamishiwa kwenye tangi kubwa zaidi nje ya kaunti.

Hadi makala haya yanaandikwa, tangi lina Halichoeres mmoja pamoja na Wafula, na konokono watatu wanaoishi kwa tahadhari. Wageni wanakaribishwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni; baada ya hapo hakuna cha kutazama ila mchanga. Wanaombwa wasiwatupie samaki ugali.