Dereva Mwenye Maneno Mengi

Saa nane usiku simu ikatetemeka chini ya mto. Ilikuwa seva ya dukani kwa Mzee, inanijulisha kwamba imejaa. Imejaa nini? Kazi yake yote ni kutunza hesabu za stoo ya vipuri vya pikipiki: plagi, minyororo, sproketi, taa za nyuma. Hata bodaboda wote wa Dar es Salaam wakija siku moja kununua tairi, hesabu hiyo haiwezi kufika ukubwa wa video moja ya kitchen party. Nikafungua kompyuta na shuka langu begani. Hesabu za stoo, megabaiti 40. Logi, yaani yale maandishi ambayo mashine hujiandikia kuhusu maisha yake, zimemaliza gigabaiti nzima niliyozitengea, tena katika nakala tatu: kila lalamiko linaandikwa huku, linaandikwa kule, na kule pia.

Na lalamiko lenyewe ni moja tu. Nikilifasiri kutoka lugha ya Linux, ambamo ata3 ni jina la kiungo cha diski, linasema: ata3, kuna hitilafu, nakata kiungo, naunga kiungo, kiungo kipo. Halafu tena: ata3, kuna hitilafu. Kama mgeni anayeaga, anafika mlangoni, anarudi kukaa, anaagiza chai, anaaga.

Msemaji ni draiva wa diski, yaani programu inayoiendesha. Mimi nimeamua kumwita dereva, maana tabia ndiyo hiyo. Diski kama hii hupokea maombi hadi 32 kwa mkupuo, kisha zenyewe zinapanga lipi litangulie, kama konda anayejua nani anashuka wapi. Sasa ombi moja likiharibika njiani, dereva haishii kutaja hilo moja. Anasimamisha gari na kusoma majina ya abiria wote waliokuwemo, mmoja mmoja, kila mtu na mistari yake minne, pamoja na namba ndefu zinazoanza na 0x ambazo usiku ule nilizisoma kama mtu anayesoma talasimu. Na uchungu zaidi, logi zinaandikwa kwenye diski ileile inayolalamikiwa. Yaani lalamiko linapita njia ileile mbovu, linapata ajali, linazaa lalamiko jipya.

Nilifanya nini? Nilimziba mdomo. Niseme ukweli tu, sina pa kujificha. Niliandika kanuni moja kwamba ujumbe wowote wenye neno ata3 utupwe, nikafuta logi za zamani, nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi binti wa kaunta akanipigia. "Kaka, stoo inafunguka polepole mno. Mteja ameondoka." Kumbe dereva, akiona makosa yanazidi, hupunguza mwendo wa kiungo. Kutoka gigabiti 6 kwa sekunde akashuka 3, kutoka 3 akashuka 1.5. Alikuwa amenitangazia yote hayo, katika ule ujumbe niliouagiza utupwe.

Nikaondoa kanuni, nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikamshuku dereva mwenyewe, nikasasisha mfumo wote na kuwasha upya. Wapi. Nikaushuku umeme wa mtaa. Nikaishuku diski, kwamba nimeuziwa iliyotumika. Rafiki yangu mmoja, anayejibu kila swali kabla hujalimaliza, akasema zima huo utaratibu wa maombi 32, diski ihudumie moja moja. Nikazima. Logi zikapungua sana! Nikamtumia hata vocha ya shukrani. Siku ya pili ndipo akili ikarudi: makosa yalikuwa yaleyale, ila gari sasa linabeba abiria mmoja, kwa hiyo majina ya kusoma ni machache.

Mzee alikuwa anafuatilia yote haya kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, kati ya mabomba ya moshi.

"Waya umeangalia?"

"Shikamoo, Mzee. Hii si pikipiki."

"Marahaba. Pikipiki ikikohoa, mtu mwenye akili anaanza na plagi na waya wake. Mjinga ndiye anayefungua injini."

Nikacheka kwa adabu. Nilikuwa nimefungua injini tangu Jumatatu.

Ilipofika jioni, kwa kuishiwa tu, nikaiomba diski itoe taarifa zake za afya. Diski hutunza daftari lake, kila ugonjwa na namba yake. Namba 5, sehemu zilizooza zikabadilishwa: sifuri. Namba 197, sehemu zinazoshukiwa: sifuri. Diski nzima kama mbuzi wa Idi. Halafu namba 199, mara ambazo data imeharibika ikiwa njiani kati ya diski na ubao mama: 48,216.

Njiani. Na njia ni waya.

Nikafungua kasha. Waya wa SATA una nyuzi saba, nne za data na tatu za kutulizia kelele za umeme, na zote zimo kwenye kitu chembamba kama utepe. Huu wangu ulikuwa umekunjwa kwenye kona kama shati la mtumba, kisha ukafungwa kwa kamba ya plastiki hadi ukaacha alama. Nani aliyeufunga? Mimi. Nilipoongeza diski ya pili nilitoa waya kwenye mashine iliyokufa, nikabana kila kitu kiwe nadhifu kama picha za mtandaoni, nikapiga na picha kabisa nikaiweka status. Watu walinipongeza.

Waya mpya, wenye kile kibanio cha chuma, nimeupata Kariakoo kwa shilingi 4,000. Nimeuacha ujilegeze unavyotaka. Mwendo umerudi 6, dereva amenyamaza, binti wa kaunta ameacha kunipigia.

Kosa langu la mwisho ni kumwonyesha Mzee ile namba 48,216 ili aone ukubwa wa kazi. Akainakili nyuma ya daftari la madeni.

"Sasa imekuwa sifuri?"

Nikamweleza kwamba namba hiyo huwa hairudi nyuma, diski haisahau. Kupona ni pale inapoacha kupanda. Akaniangalia kama fundi aliyerudisha pikipiki inayotoa moshi, akiapa kwamba moshi ni wa zamani.

Ni wiki ya pili sasa naenda kufuata ujira wangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Leo ngapi?"

"Elfu arobaini na nane, mia mbili na kumi na sita."

Anavaa miwani, anafungua daftari, analinganisha. "Ileile," anasema, kisha anafunga droo ya pesa.