Mheshimiwa wa Chini ya Meza

Mashujaa wana watunzi wao wa sifa, na matajiri wana wa kwao wanaolipwa papo hapo. Mimi naomba kipaza sauti nimsifu mmoja ambaye hajawahi kusifiwa na yeyote, hata na mtu aliyemuuza: kompyuta ya mezani ya mtumba, kasha jeusi la ofisini lililoshuka na kontena kutoka Ulaya, mkwaruzo ubavuni, na stika ya mali ya ofisi yenye maandishi ya Kijerumani iliyobanduliwa nusu. Namsifu kwa kazi moja tu, kurusha ndege za Flight Simulator X, mchezo wa Microsoft uliotoka Oktoba 2006. Kwa kazi nyingine msemeni mnavyotaka, sitamtetea.

Nasaba kwanza, kama desturi ilivyo. Mheshimiwa hakuingia katika ukoo wa ovyo. Bruce Artwick na kampuni yake ya subLOGIC walianza kurusha ndege kwenye Apple II wakati miaka ya 1980 ndiyo kwanza inabisha hodi, na mwaka 1982 Microsoft wakaleta toleo la IBM PC. Lilikuwa na mistari michache, rangi za kuhesabu, na uwanja wa Meigs kando ya ziwa mjini Chicago. Lakini tazameni cheo chake. Enzi zile kampuni nyingi zilikuwa zikiiga kompyuta ya IBM, na mnunuzi aliyetaka kujua kama mwigo umekamilika alijaribu programu mbili: Lotus 1-2-3 na Flight Simulator. Mashine iliyokwama hapo haikuhesabiwa ndugu wa IBM, hata ingekuwa na rangi ileile. Kwa hiyo tangu zamani si sisi tunaouchagulia mchezo huu kompyuta. Mchezo ndio unaozisaili kompyuta, tena moja moja, na matokeo hutolewa hadharani.

Anayeaibika zaidi katika usaili huo ni mwenye fedha. Wale walioiandika FSX waliandika katika zama ambazo kila mtu aliaminishwa kuwa prosesa zitazidi kwenda mbio mwaka hadi mwaka. Intel walikuwa wamezungumzia gigahezi 10 bila haya. Mwaka 2004 wakafuta hata ile Pentium 4 ya gigahezi 4 waliyokuwa wameiahidi, na mkuu wao, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wataalamu kuomba radhi, nusu mzaha, nusu kweli. Badala ya mbio wakaleta viini vingi. Core 2 Duo ilitoka Julai 2006, miezi mitatu kabla ya mchezo wenyewe, na mchezo ulikuwa umeshaandikwa kwa kutegemea kiini kimoja chenye mbio za ajabu ambacho hakikuja.

Nyongeza ya mwaka 2007 ilivigawia viini vingine kazi ya kuandaa ardhi na picha zake. Kazi nzito, yaani kuhesabu mwendo wa ndege, kuwapanga wasafiri wengine wa angani na kuiambia kadi ya picha ichore nini, ilibaki kwa kiini kimoja. Nunua leo prosesa ya viini kumi na sita uone: ni kamati ya harusi ambayo mjumbe mmoja yuko jikoni na moshi machoni, na kumi na watano wamevaa sare wanapiga picha. Sisemi ndege haitaruka. Itaruka, na pengine itaruka vizuri zaidi, maana mjumbe wa jikoni wa siku hizi naye ana nguvu. Ila umelipia sare kumi na tano.

Ramu nayo ina mkasa uleule. Mchezo ni wa biti 32, na hata ukiujazia gigabaiti 64 hauoni zaidi ya 4. Ukishaitolea Windows sehemu yake, zinazobaki ni za kuwasimulia wageni.

Basi twende Kariakoo. Ukifika dukani utaulizwa unataka ya kazi gani. Sema kweli: ya kurusha ndege. Kijana atakutazama juu hadi chini, kisha atakuletea kasha lenye kioo ubavuni na feni zinazobadilisha rangi. "Chukua hii mzee, hii ndiyo ya gemu, ina taa." Taa hizo ni nzuri kweli, sebule itapendeza, na hazijawahi kumwongezea mtu hata fremu moja kwa sekunde. Mshukuru, kisha mwelekeze pale nyuma, kwenye safu ya makasha meusi yaliyopangwa kama hayana mwenyewe.

Kigezo ni kimoja: kiini kimoja kinakimbia kiasi gani. Core i5 za ofisini za kizazi cha tatu na cha nne, zilizotoka kati ya 2012 na 2014, huenda gigahezi 3.2 au 3.3, na zikihimizwa hupanda hadi 3.6 au 3.7. Huyo ndiye Mheshimiwa wetu. Pembeni yake kutakuwa na kompyuta mpakato yenye jina kubwa, i7, na bei ya kufanana na jina. Soma mpaka mwisho: kama namba inaishia na herufi U, hiyo ilizaliwa kwa ajili ya kutunza betri. i7-4500U, kwa mfano, mwendo wake wa msingi ni gigahezi 1.8. Itakuandikia barua vizuri sana.

Stika ya mlangoni usiiamini, hasa ikiwa inang'aa kuliko kasha. Kuna i3 nyingi mjini zinazotembea na kitambulisho cha i7. Mwambie kijana aiwashe, uingie BIOS, usome jina la prosesa na namba yake yote. Kisha omba afungue ubavu. Vumbi lisikutishe, hilo ni cheti cha utumishi. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi karibu na prosesa: vichwa vikiwa bapa, sawa, kimoja kikiwa kimevimba au kina utomvu wa kahawia umekauka juu, funga ubavu, aga kwa adabu. Tazama pia kama kasha ni jembamba. Wembamba unapendeza kwa watu wa mapokezi, lakini kadi ya picha ya kimo cha kawaida haiingii humo, na pawa saplai yake mara nyingi ina umbo lake lenyewe ambalo fundi hatakupatia jingine.

Kuhusu kadi ya picha sitasema mengi, na hapo ndipo Mheshimiwa anapookoa fedha zako. Mchezo huu humchosha prosesa kabla haujamchosha mchoraji. Kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, ambayo haizidi wati 75, inatosha: GT 1030 inakula 30, GTX 750 Ti inakula 60. Kioo chukua kile cha mraba ambacho kila ofisi imekitupa, cha pikseli 1280 kwa 1024. Kioo cha kisasa cha 4K kina pikseli zaidi ya mara sita ya hizo, na kila moja inadai kuchorwa upya kila fremu.

Sasa fadhila zake nyumbani. Mheshimiwa akiwashwa, feni yake huanza na mlio wa kujisafisha koo. Ukifungua mchezo, mlio hupanda. Ukichagua Boeing 747 ikiwa imeegeshwa Nairobi, injini zote nne zimezimwa na rubani hajafunga mkanda, chini ya meza tayari kuna ngurumo ya kupaa. Wapo wanaonunua spika za bei mbaya kutafuta hisia hiyo. Joto nalo hutolewa bure kwa nyuma. Kwetu Dar es Salaam mwezi wa Januari fadhila hii haina mpokeaji, nakiri, lakini ndugu zangu wa Njombe watanielewa.

Anafundisha subira pia. Mchezo ukiwa unapakia mandhari, asilimia hupanda kwa heshima, hukaa, hutafakari, hupanda tena. Mwenye SSD hayajui haya. Hana muda wa kupanga safari, kusoma upepo, wala kumjibu mama watoto aliyeuliza swali tangu saa moja. Mimi ninashauri SSD, maana ni kifaa cha bei nafuu kinachompunguzia Mheshimiwa uzee kuliko kingine chochote, lakini nashauri kwa huzuni.

Ana mlango wa CD. Kijana wa leo akiuona hudhani ni mahali pa kuwekea kikombe. Kwa mlango huo Mheshimiwa anaweza kumpokea kaka mkubwa wa FSX, Flight Simulator 2004, iliyotoka mwaka 2003 kusherehekea miaka mia moja ya ndege ya akina Wright. Ilikuja kwenye CD nne, na ulinzi wake wa SafeDisc ulidai CD iwepo mlangoni kila unapocheza. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015 iliukataa ulinzi huo kabisa, na mashine mpya ikashindwa kuifungua CD halali ya mwenye mali. Mheshimiwa mwenye Windows yake ya zamani moyoni hana maswali ya aina hiyo.

Na kwa 2004 hiyo anakupeleka mahali ambapo fedha haifiki. Usiku wa kuamkia Machi 31, 2003, Meya Richard Daley wa Chicago alituma matingatinga yakachimba alama za X kwenye barabara ya kurukia ya Meigs, ndege za watu zikiwa bado zimeegeshwa pale. Uwanja ukafa. Mchezo ulitoka miezi michache baadaye ukiwa na Meigs nzima, lami safi, ziwa kulia na majengo marefu mbele. FSX ilipokuja, Meigs haikuwemo tena. Kwa hiyo anayetaka kutua pale inambidi awe na mchezo wa 2003 na mashine inayoukubali. Ukihamia kwetu ni vilevile: mchezo ule ulitoka kabla uwanja wa Dar es Salaam haujapewa jina la Mwalimu Nyerere, na Terminali ya Tatu, iliyofunguliwa 2019, unaruka juu ya eneo lake bila kuiona.

Betri yake ya saa, ile ya duara ya CR2032, huwa imekufa. Wengi hulihesabu hili kuwa kasoro. Kila umeme ukikatika, Mheshimiwa huamka akiamini ni tarehe mosi Januari ya mwaka fulani wa ujana wake, na ukiuambia mchezo ufuate saa ya kompyuta, basi utaruka Januari daima. Chicago kuna theluji mwaka mzima. Zanzibar kuna kaskazi mwaka mzima, anga jeupe, na hutaona masika. Betri mpya ni bei ya maandazi mawili matatu, lakini kuna watu wangelipa mamilioni waishi hivyo.

Umeme umetajwa, basi nilimalize. Prosesa ya ofisini ya wakati ule kwa kawaida iliwekewa kikomo cha joto cha wati 84 au chini ya hapo, na kadi tuliyoichagua haiongezi mengi. Uniti za LUKU zitashuka, ila zitashuka kwa ustaarabu. Ile yenye taa za rangi hushusha uniti kama vile ina ugomvi nazo.

Imebaki fadhila moja ambayo maadui huiita ugonjwa. Gigabaiti 4 nilizozitaja hujaa polepole: ndege ya kununua yenye kila swichi, uwanja wa kununua wenye kila mti, mawingu ya kununua. Unapaa Mumbai alasiri, unavuka bahari, unakula chakula cha usiku ukiwa angani, na Dar es Salaam inatokea mbele, taa zimepangwa hadi Kigamboni. Mchezo unaanza kupakia uwanja wa pili juu ya yote yaliyokwishajaa. Magurudumu yako chini, barabara 05 iko mbele yako, mnara umekuruhusu. Hapo linatokea dirisha dogo la kijivu kukuarifu kwa Kiingereza cha ofisini kwamba kumbukumbu imeisha, na kila kitu kinafungwa. Hakuna ajali, hakuna majeruhi, hakuna tume ya uchunguzi. Ni chombo gani kingine cha usafiri kinachokuondoa hewani kwa usalama wa kiwango hicho? Ukitaka kutua kweli, punguza miti, punguza magari ya barabarani, shusha maji ngazi mbili, na uache kununua mawingu. Mheshimiwa alikuwa anakwambia hivyo tangu Mumbai, kwa feni.

Najua watakaoniambia kuwa tangu Agosti 2020 kuna toleo jipya lenye dunia nzima ilivyo. Nimeliona, ni zuri mno, sina wivu. Linataka gigabaiti 150 za diski, mahali ambapo FSX ilitosheka na kama 14, na picha za ardhi linazivuta kutoka intaneti huku ndege ikiwa hewani. Yaani ardhi ya Tanzania, ambayo iko dirishani, unainunua kwa bando. Nawatakia safari njema. Bando lao likikatika juu ya Kilimanjaro, sisi wa 2006 tutakuwa tumeshatua, au tumeshafungiwa dirisha la kijivu na tunapakia upya.