Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

Mimi mrina asali wa Ugalla, ambaye kiangazi kingi hukimaliza chini ya miombo nikiitumikia mizinga yangu ya magome, nakuandikia kama mtu anavyomwandikia mwenziwe wa kazi moja. Kwani wewe ni mwenye dhamana, nami tangu mwaka jana ni mdhamini, na tofauti iliyopo baina yetu ni ndogo, kwamba dhamana yako ilikuja na gari na dereva, na yangu imekuja na deni.

Mpwa wangu, aliyejaliwa kuendelea na masomo, alipanga vyumba viwili pamoja na vijana wenziwe watatu, katika mji nisioutaja kwa sababu mwenye nyumba yu hai na ana simu. "Mjomba, ni saini tu," aliniambia, akinikunjulia karatasi ya daftari ambayo chini yake wapangaji wanne walikuwa wamekwisha kujaza nafasi zao kwa raha, na pembeni kabisa, pale mwandishi alipokuwa karibu kuishiwa na karatasi, neno "Mdhamini" lilikuwa limejibana kama abiria wa mwisho wa basi la Tabora. Nikatia saini kwa kalamu ya kuazima, nikajiona mtu mwenye hadhi.

Sasa watatu wamehama, mmoja kwa kuacha masomo na wawili kwa kuacha kupokea simu, nami nimeletewa hesabu: kodi ya miezi minne ya vyumba vyote viwili, kitasa, wavu wa dirisha, na ndoo ya kisimani ambayo sikumbuki kuidhamini. Nilipoomba kwa adabu nilipe robo ya mpwa wangu, mwenye nyumba alinijibu, "Mzee, karatasi haikuandika robo." Wallahi, haikuandika.

Nikaenda kwa mtu ajuaye sheria, akanifunulia Sheria ya Mikataba, ambayo Tanganyika iliitunga mwaka 1961 kwa kufuata nyayo za sheria ya Bara Hindi ya 1872, nikasomewa kwamba dhima ya mdhamini ni sawasawa na dhima ya mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Aidha, sheria hiyo yenye huruma inasema kwamba nikisha kulipa nitazirithi haki zote za mwenye nyumba juu ya wale vijana, yaani nitamiliki, kwa fedha yangu mwenyewe, simu mbili zisizopokelewa. Imesema pia kwamba masharti yakibadilishwa pasipo ridhaa ya mdhamini, basi huyo mdhamini huwa huru kwa yatakayofuata. Na kwa kuwa kodi ilipandishwa Januari nami nikiwa porini, nilirudi kwa mwenye nyumba na furaha ya mfungwa aliyeona mlango wazi, naye akanieleza kwa upole kwamba kodi haikubadilishwa hata kidogo, ila maisha ndiyo yaliyopanda.

Sishangai, maana tangu mwaka 2019, pori letu la akiba lilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, nimezoea kuona vitu vikipanda bila ya mimi kupanda navyo. Zamani palikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984. Ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mwenye nyumba na mwanafunzi wamekuwa wakipatana kama watu wawili walio sawa, mmoja akiwa na nyumba na mwingine akiwa na godoro.

Sikuombi uilete tena, Mheshimiwa. Najua una shughuli. Ombi langu ni dogo. Maadamu kwa mujibu wa sheria mimi ndiye mpangaji wa nne, wa tatu, wa pili na wa kwanza, naomba umwelekeze mwenye nyumba anikabidhi ufunguo wangu, ili asali ikisha kurinwa nije na mkeka na ndoo mbili, nilale walau usiku mmoja katika nyumba ninayoilipia. Mpwa wangu atanipisha kitanda. Mlango hautanishinda, kwani kitasa ni kipya, na risiti yake ninayo mimi.

Wako katika dhamana,
Mrina asali, Ugalla