Shangazi na Kiingereza cha Wenyewe

Shangazi yangu alifundisha Kiingereza Tanga mpaka akastaafu, na kwake Kiingereza ni kimoja kama kibla. Kwa hiyo alipokuja kututembelea Pittsburgh sikuhofia baridi wala chakula. Niliwahofia majirani.

Na kweli, kabla hajafungua hata sanduku, bibi wa ghorofa ya chini aligonga mlango akatuuliza: "Yinz want some pop?"

Shangazi aliitikia kwa tabasamu, mlango ulipofungwa akanigeukia. "Yinz ndiyo nani?"

"Ndiyo sisi, Shangazi."

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo "ninyi" ya mji huu. Waliileta wahamiaji wenye asili ya Kiskoti waliotoka Ulster, kaskazini mwa Ireland, wao wakisema "you ones", ikasagika midomoni hadi ikawa yinz. Pop ni soda tu. Wenyeji wanaionea fahari. Wanajiita Yinzer na wanauza fulana zilizoandikwa hivyo.

"Wanauza fulana za kosa," alisema Shangazi, akaomba aonyeshwe anapofulia nguo.

Huko chini nilijua kutaharibika. Juu ya mashine ya kukaushia palikuwa na karatasi: "This dryer needs fixed." Kwa watu wa Pittsburgh sentensi hiyo haina dosari. Gari "needs washed", mtoto "needs fed", na maisha yanaendelea. Shangazi alitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba (naapa alisafiri nayo), akachomeka "to be" mahali pake, na pembeni akaandika 4/10. Kesho yake tulikuta "to be" imekatwa kwa penseli na chini pameongezwa mstari: "This note needs left alone." Mashine haijatengenezwa mpaka leo.

Tuwe waadilifu, lakini. Wa kulaumiwa hapa si bibi wa ghorofa ya chini, ni Kiingereza chenyewe. Zamani kilikuwa na "thou" ya mtu mmoja na "ye" ya wengi, mambo safi kama kwetu. Kisha wakubwa wakaanza kuambiwa "you", wingi wa heshima, hata akiwa ni mmoja. Kila mtu naye akautaka ukubwa, na kufikia mwisho wa karne ya 17 "thou" ilikuwa imebaki kwa wanavijiji, kwenye sala, na kwa Wakweka, Wakristo wa dhehebu lililokataa katakata kumpa mtu wingi asiokuwa nao. Inasimuliwa kwamba William Penn alipojiunga nao, baba yake, mzee admirali, alimwambia "thou" amwambie amtakaye, isipokuwa mfalme, ndugu yake mfalme, na baba mwenyewe. Mwaka 1681 mfalme huyo alimpa kijana ardhi kufidia deni alilodaiwa na admirali, na jimbo likaitwa Pennsylvania kwa heshima ya mzee. Ndipo tunapoishi, tukiambiwa yinz.

Maana binadamu hawezi kuishi bila "ninyi". Ireland wana "ye" na "youse", Jamaika wana "unu", ambayo Muigbo wa Nigeria akiisikia anajua imetoka kwao. Shule peke yake ndiyo inayoshikilia kwamba hakuna kilichopungua.

Tulimpeleka Chicago. Tuliingia mkahawani, Shangazi, mke wangu na mimi, wao wawili wamejitanda mitandio yao vizuri, na kijana mhudumu akatujia kwa uchangamfu: "How are you guys doing?" Shangazi alinitazama mimi, kisha akajitazama yeye. Hapo nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikamsimulia kwamba neno hilo limetokana na Guy Fawkes, yule wa njama ya 1605 ya kulilipua Bunge la Uingereza; sanamu zake zikachomwa moto kila Novemba, sanamu zikaitwa guy, kisha mtu yeyote aliyevaa vibaya, kisha mwanamume yeyote, na sasa sote.

"Kwa hiyo mimi ni gaidi," alisema Shangazi, "mwanamume, na nimevaa vibaya." Kijana hakuachiwa bakshishi.

Houston, kwa binamu yangu, nilitegemea maafa. Fundi wa magari alisema "I might could fix it tomorrow", vitenzi viwili vya mashaka vimebebana, na Shangazi akashika kipaji cha uso. Lakini dukani, akiwa peke yake, mwenye duka alimuaga kwa "Y'all come back", naye akageuka kutazama nyuma ni nani mwingine. Hapakuwa na mtu. Binamu akamfafanulia kwamba y'all ile ni yake na ya watu wake wote waliobaki nyumbani. Shangazi alisimama kimya. Mtu akikukuta unakula Tanga, hata uwe mwenyewe na kipande chako cha muhogo, utamwambia "karibu", na ukimuuliza "hamjambo?" hujamuuliza yeye tu. "Huyu mama," alisema, "amelelewa."

Tuliporudi Pittsburgh, profesa mstaafu wa mtaa wa pili, mwenye Kiingereza kilichonyooka ambacho Shangazi alikuwa akikisubiri tangu uwanja wa ndege, alimwambia: "You must come to dinner on Saturday." Shangazi hakuona haja ya kuuliza. Mzee hualikwi mwenyewe. Jumamosi tulifika wanane, wakiwemo watoto na binamu wa Houston na mkewe waliotufuata. Profesa alifungua mlango. Nyuma yake nikaiona meza, viti viwili, mishumaa, vipande viwili vya samaki.

Ni mtu wa adabu sana. Aliagiza piza, akatafuta viti hadi vya bustanini, na usiku alitusindikiza mpaka kwenye magari. "You're welcome any time," alisema.

Njia nzima tulibishana. Mke wangu alishikilia kwamba safari hii alimkusudia Shangazi tu, na alimtazama yeye aliposema.

"Ni wingi," alisema Shangazi kutoka kiti cha mbele. "Waambie watoto, Jumamosi ijayo."